Mtambaapanya wa Sikudhani

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa, nasema! Huyo wa nyuma ana ubuyu mdomoni, hajaitika!

Pakawaaa!

Palikuwa na nani?

Palikuwa na mtu!

Mtu mzima?

Nusu!

Na nusu ya pili?

Zimwi!

Haya, sogeeni. Mwenye kuogopa ashike sikio la jirani yake, langu aliache.

Hapo kale palikuwa na kijiji cha watu kikiitwa Fukizani. Ng'ambo ya korongo palikuwa na kijiji cha mazimwi kikiitwa Ngurumoni. Watu waliwaogopa mazimwi kwa sababu mazimwi hula watu. Mazimwi waliwaogopa watu kwa sababu watu husema sana. Basi kila upande ukakaa kwake, ukifukiza, ukinguruma.

Katikati, ukingoni mwa korongo, alikaa Sikudhani na mama yake, Bi Mwanjaa. Mama alikuwa mtu wa Fukizani. Baba alikuwa zimwi wa Ngurumoni. Walipendanaje? Hilo kawaulizeni mama zenu, wao ndio wanajua mwanamke anavyoweza kumpenda zimwi. Huyo baba alikufa zamani: alimeza jiwe la kusagia akidhani andazi. Mungu amrehemu, meno alikuwa nayo, macho hakuwa nayo.

Sikudhani alitoka nusu kwa nusu. Sikio la kulia lilikuwa kama langu hili. La kushoto lilikuwa kama ungo wa kupepetea. Mkono wa kulia ulifaa kutia uzi kwenye sindano, wa kushoto ulifaa kung'oa mnazi. Mguu mmoja ulikuwa wa mama, mmoja wa baba, na akitembea ulimsikia toka mbali: tu... NDU! Tu... NDU!

Tena mazimwi huishi miaka mia tatu, kwa hiyo Sikudhani hakuzeeka upesi. Wasichana aliocheza nao mdako walikwisha kuwa mabibi wenye wajukuu, yeye uso ni ule ule wa kigoli. Wenzake wakamnunia kwa wivu, na wajukuu wao wakamnunia kwa hofu. Hakuwa na rika, hakuwa na shoga, hakuwa hata na mtu wa kugombana naye vizuri.

Mwaka huo nyumba yao ilichoka. Paa lilioza, kuta zikainama kama mzee anayetafuta kiatu. Mama naye alikuwa ajuza, na kifua kimemshika. Anakohoa asubuhi, anakohoa adhuhuri, anakohoa akitaka kusema amepona.

Siku moja akasema, "Sikudhani mwanangu, masika yanakuja. Nikilala kwenye maji masika haya, hutanizika, utanizoa."

Sikudhani akashtuka. Siku hiyo hiyo akaenda kukata miti. Kwa mkono wa kushoto akachimbia nguzo. Kwa mkono wa kulia akafunga fito. Akakandika udongo, akasuka makuti, akaangusha mvule mmoja, akauchonga ukawa mtambaapanya, ile boriti ndefu ya juu kabisa inayobeba paa zima. Siku tano, kazi imekwisha. Imebaki kupandisha mtambaapanya tu.

Na hapo ndipo shida ilipomkalia kitako.

Katika nchi ile, wapenzi wangu, miti ilikuwa na masikio. Mtambaapanya ulikuwa haukai juu ya nyumba mpaka mkubwa wa ukoo wa mwenye nyumba asimame, aseme: "Nyumba hii ni ya ukoo wa fulani." Ukiufunga kamba, kamba inajifungua. Ukiupigilia msumari, msumari unachomoka na kukutafuta jicho. Tena huinuliwa na watu wa ncha hii na watu wa ncha ile kwa pamoja, na ncha zote mbili zikishapanda, mikono ya waliozishika hugandia hapo hapo. Haibanduki mpaka ukoo utajwe na mti uridhike.

Basi Sikudhani akavaa kanga yake safi, akaenda Fukizani. Tu... NDU! Tu... NDU!

"Hodi!"

"Karibu," akajibu Jumbe Chande, mkubwa wa ukoo wote wa Fukizani, aliyekuwa barazani na wenzake. "Karibu, ila usikaribie sana."

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Mama hajambo? Kikohozi chake hakijambo?"

"Hakijambo, kinaendelea vizuri. Jumbe, nimejenga. Naomba watu sita wa kushika mtambaapanya, nawe uutaje ukoo wa mama yangu, tuingie ndani kabla ya mvua."

Pale barazani alikuwapo Fundi Ngwali, fundi wa mapaa, mtu mfupi mwenye sauti ndefu. Akadakia, "Mtambaapanya wa mti gani?"

"Mvule, fundi."

"Mvule!" Macho yakamtoka kama aliyetajiwa pilau. Jumbe akamtazama. Fundi akaufunga mdomo, lakini vidole vikawa vinacheza vyenyewe magotini.

Jumbe akakohoa kidogo, kikohozi cha ukubwa, si cha ugonjwa. "Mwanangu," akasema, "wewe ni mwenzetu kabisa. Ila si wetu. Nikikutaja leo, kesho utataka kiti arusini, keshokutwa shamba. Nusu yetu tunaiona. Nusu ile nyingine ndiyo inatushinda. Kajaribu ng'ambo."

Nyuma ya mlango wanawake wakanong'onezana, "Jamani, ana adabu, masikini! Na Kiswahili anakijua, utadhani mtu!"

Sikudhani akayasikia yote, maana sikio lile la ungo halichagui. Alitaka kuwaambia kwamba alizaliwa nyumba ya tatu kutoka hapo. Akameza mate, akameza hasira, akaenda zake.

Akaenda Ngurumoni. Tu... NDU! Tu... NDU!

Mkubwa wa mazimwi aliitwa Mzee Korofindo. Umri wake miaka mia mbili na tisini, meno yote yapo, na mengine ya akiba. Akainua pua.

"Nasikia harufu ya mtu!"

"Ni mimi, babu, Sikudhani."

"Nasikia nusu harufu ya mtu!"

Sikudhani akapiga goti, kama alivyofunzwa na mama yake. Akalainisha sauti mpaka ikawa tui. "Shikamoo, babu mpendwa. Samahani kwa kukusumbua. Nimekuja kwa unyenyekevu mkubwa kuwaomba, kama hamtachukia..."

Zimwi jike mmoja akamziba mtoto wake masikio. Mwingine akasema, "Astaghafiru!" akageukia ukutani. Pua ya Mzee Korofindo ikajikunja kama kanga iliyolowa.

"Mtoto wee," akasema kwa huzuni, "tumekukosea nini?"

Sikudhani hakuelewa. Akazidi kulainisha. Kadiri alivyolainisha, ndivyo walivyozidi kununa. Alipofika pale pa "tafadhali sana, waheshimiwa," zimwi kijana akalia.

"Basi, basi, inatosha!" Mzee Korofindo akanyanyua mkono. "Sheria yetu inasema mtu aliwe. Sheria yetu inasema ndugu atajwe. Wewe tukule au tukutaje? Kikao hakijaamua. Nusu yetu tunaiona. Nusu ile nyingine ndiyo inatushinda. Kajaribu ng'ambo."

"Ng'ambo ndiko nilikotoka, babu."

"Umeona? Njia unaijua."

Sikudhani akameza mate, akameza hasira, akarudi zake.

Mara ya pili akabeba zawadi. Aliwapelekea Fukizani mikeka sita, aliyoisuka kwa ule mkono wa sindano. Waliipokea kwa mikono miwili. Wakaikunjua, wakaikalia, na wakiwa wameikalia Jumbe akasema, "Mkeka mzuri! Wewe ni mwenzetu kabisa. Ila nusu ile nyingine ndiyo inatushinda." Aliwapelekea Ngurumoni maneno matamu zaidi, na shada la maua juu yake. Mazimwi wawili wakazirai. Mzee Korofindo akasema kikao kitakaa tena mwezi ujao, kama kutakuwa na mwezi.

Akameza mate, akameza hasira, akarudi.

Mara ya tatu hakufika hata barazani. Kijana wa Jumbe alimwona toka mbali akapaza sauti, "Jumbe amelala!" Na Jumbe mwenyewe, kutoka ndani, akaitikia, "Ndiyo, nimelala!" Ng'ambo nako mazimwi walimwona anakuja na tabasamu lake, wakafunga madirisha.

Akameza mate. Akameza hasira. Lakini sasa tumbo lilikuwa limejaa hasira mpaka juu. Hakuna pa kuweka nyingine.

Alipofika nyumbani wingu lilikuwa limekaa juu ya korongo, jeusi kama chungu. Mama yuko kitandani, anakohoa, na kila akikohoa udongo unadondoka kutoka ukuta wa nyumba ile mbovu.

"Wamesemaje?"

"Wamelala, mama."

"Mchana huu?"

"Mchana huu."

Sikudhani akatoka nje. "Nitaupandisha mwenyewe," akasema. Akauinua ncha moja kwa mkono wa kushoto, akaulaza juu ya nguzo, akakimbilia ncha ya pili, tu-NDU-tu-NDU-tu-NDU! Alipoishika ya pili, ya kwanza ikateleza. Akakimbilia ya kwanza, ya pili ikateleza. Akajaribu katikati: ncha zote mbili zikamcheka, huku imepanda, huku imeshuka, kama mizani ya muuza dagaa. Akapiga kelele, "Nyumba hii ni ya ukoo wa mama yangu!" Mti ukateleza. "Ya ukoo wa baba yangu!" Mti ukateleza. "Ya wote wawili!" Mti ukateleza na safari hii ukaangukia mtungi wa maji. Paaa! Mtungi wao pekee.

Tone la kwanza la mvua likamdondokea Sikudhani puani.

Basi, jamani, mimi nimeona watu wakikasirika. Nimemwona mama mkwe wangu akikasirika, nikahama. Lakini hasira ya Sikudhani siku ile haikuwa na mwenzake. Alipanda juu ya jiwe la mpakani, akavuta pumzi kwa pafu la mama na pafu la baba, akafungua mdomo.

"NYIE WA HUKU NA NYIE WA KULE!"

Kuku wa Fukizani wakaacha kutaga. Popo wa Ngurumoni wakaamka.

"Vichwa vyenu kama vibuyu, na mbegu zenyewe hamna! Nimewaomba mkono! Sikuwaomba moyo, maana najua moyo hamnao! Nyie wa huku mmekalia mikeka yangu kwa makalio yenu makavu, mnaniita mwenzenu! Wenzenu ni inzi! Nyie wa kule mna meno ya kusaga milima, lakini neno moja, ndiyo, linawakwama kooni kama mwiba wa samaki! Nusu, nusu, nusu! Nusu ya nani? Nikikanyaga mwiba naumia mzima! Nikishinda njaa nashika tumbo zima! Mama yangu akifa nitamlilia kwa macho yote mawili, sitalia kwa moja nikalituma la pili likaulize ng'ambo! Kaeni na koo zenu! Zipikeni! Zileni! Ziwapalie!"

Akashuka, akakaa chini kwenye vigae vya mtungi, akalia.

Kule Fukizani Jumbe Chande akajipapasa kichwa. Kisha akauliza polepole, "Ameniita kibuyu?"

"Kisicho na mbegu, Jumbe," akasema Fundi Ngwali.

"Nimesikia, fundi. Nina masikio."

"Na makalio makavu."

"Nimesema nimesikia!" Jumbe akasimama, akatwaa bakora. "Hatujatukanwa hivi tangu tuumbwe. Twendeni akatuombe radhi!" Kijiji kizima kikatoka. Wengine walikuwa wameudhika kweli. Wengine walitaka tu kuona.

Na Ngurumoni? Ngurumoni Mzee Korofindo alikuwa amekaa chini, chozi linamtoka, chozi moja lakini la kujaza ndoo.

"Mmesikia?" akasema. "Meno ya kusaga milima! Tangu bibi yangu afe hakuna aliyeniambia neno zuri kama hilo."

"Kumbe ana adabu!" wakasema mazimwi jike, wakijifuta.

"Ziwapalie, kasema! Ziwapalie! Mtoto katuomba kama anavyopaswa mtu kuomba. Inukeni!"

Mazimwi saba wakashuka korongoni mbio, nchi inatetemeka. Sikudhani akasikia kishindo, akainua kichwa, akawaona. Akajua sasa kikao kimeamua na ameamuliwa kuliwa. Akashika mchi wa kutwangia.

"Hujambo, kinyonga uliyevimba!" akanguruma Mzee Korofindo kwa furaha.

"Nini?"

"Kisigino cha fisi wee! Mtambaapanya uko wapi?"

Ndani ya nyumba Bi Mwanjaa akaanza kucheka, akakohoa, akacheka tena. "Sikudhani! Weka mchi chini, wanakuamkia! Kule kwao tusi ndiyo heshima, na maneno laini ndiyo matusi. Baba yako aliponichumbia aliniita gunia la mawe siku saba. Nikalia siku saba. Ya nane nikajua ananipenda."

Sikudhani akageuka polepole sana. "Mama. Nimekwenda kule mara tatu. Nimepiga magoti. Nimepeleka maua!"

"Ndiyo maana walizirai."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulisema unakwenda kuomba kwa adabu. Nikajisemea, mtoto kakua, adabu ya kule anaijua."

"Nimeijulia wapi, mama? Baba alikufa sijaota jino!"

"Haya, si umeijua leo? Wape mti, mvua hiyo."

Mazimwi wakaishika ncha moja, wakainua. Lakini zimwi ni mrefu, na saba ni wengi. Ncha ile ikaenda juu mpaka mawinguni, ya pili ikachomeka topeni. Ndipo watu wa Fukizani walipotokea na bakora zao. Wakawaona mazimwi. Wakasimama ghafla, wa mbele wakageuka wa nyuma, wa nyuma wakageuka wa mbele.

Wangekimbia. Naapa wangekimbia. Lakini nyie mnamjua mtu akimwona mwenzake anajenga vibaya: hawezi kunyamaza. Hata nyumba ikiwaka moto, atasimama aseme, "Ngazi hiyo mmeiweka upande." Fundi Ngwali alitazama ule mvule mzuri unavyokwenda mrama, akatetemeka, akajizuia, akashindwa.

"Shusha! Shusha, wewe jitu! Macho yako umeyaazima wapi?"

Watu wakaziba macho wasione fundi wao akiliwa. Mzee Korofindo akamwinamia fundi kwa heshima. "Asante, baba. Sema tena!"

"Niseme nini? Shusha kushoto, ng'ombe wee! Kushoto kwako, si kwangu! Huyo wa mwisho anashika nini, mtambaapanya au mkia wa punda?"

"Jamani," wakaambiana mazimwi, "watu hawa ni waungwana! Tuliwala bure."

"Lete huku!" Fundi akatupa bakora, akaishika ncha ya topeni. "Nyie mnatazama nini? Shikeni!" Na wanaume wa Fukizani, ambao nao kila mmoja alikuwa na maoni yake juu ya paa, wakashika. Jumbe Chande mwenyewe akasogea kuonyesha kwamba wanashika vibaya, akajikuta ameshika.

"Haya, hooop!"

Ncha zote mbili zikapanda. Mtambaapanya ukalala juu ya nyumba, umenyooka kama uzi.

Na mikono ikaganda.

Mvua inaanza kwa vidole vidogo.

"Taja basi," akasema Jumbe Chande.

"Taja wewe, kibuyu," akasema Mzee Korofindo kwa upole.

"Mama yake ndiye wetu. Mama ni mama. Lakini mtoto hufuata baba."

"Sisi mtoto hufuata tumbo lililomzaa. Taja wewe."

"Nusu yetu tunaiona..."

"...nusu ile nyingine ndiyo inatushinda," wakamalizia pamoja, watu na mazimwi, kama wanakwaya.

Sikudhani alisimama katikati akiwatazama. Mara tatu amewaomba washike. Wameshika. Na sasa wanamgombania kinyume: kila mmoja anamsukuma kwa mwenzake, tena mbele yake, tena mlangoni kwake. Hakutukana. Hakulia. Alikwisha kuchoka na vyote viwili. Akapanda juu, akapanga makombamoyo, ile miti ya kubeba makuti, akayatandaza makuti yenyewe, mkono mmoja unatupa, mmoja unafunga, harakaharaka. Mtambaapanya haukuteleza, maana ungeteleza wapi, nao wameushikilia? Alipomaliza akashuka, akaingia nyumba mbovu, akambeba mama yake kama mtoto, akampeleka nyumba mpya. Akawasha moto. Akateleka uji wa mtama.

Nje mvua ikaacha vidole ikaja na ngumi.

"Taja wewe!"

"Taja wewe!"

"Taja wewe!"

Jumbe Chande akapiga chafya tatu. Maji yalimwingia kwenye kanzu juu, yakamtokea chini. Akasema, "Basi, basi! Nataja! Nyumba hii ni ya ukoo wa Chande!"

Akavuta mikono. Imeganda.

Mzee Korofindo akasema, "Nyumba hii ni ya ukoo wa Korofindo!"

Akavuta. Imeganda.

"Binti yetu!" wakapiga kelele wa huku. "Mjukuu wetu!" wakanguruma wa kule. "Wetu toka zamani!" Mti kimya. Ule mti una masikio, nimewaambia. Unamjua anayesema kwa kupenda na anayesema kwa sababu kanzu imelowa.

Ndani Bi Mwanjaa alikuwa amejikunyata kando ya moto, kikombe cha uji mkononi, macho juu. Hakuna tone linalopita. Lakini alijua, na Sikudhani alijua, kwamba wale wakianguka kwa uchovu, paa litawafuata.

"Sikudhani," akasema mama, "mkubwa wa ukoo wako ni nani?"

"Mama, nami nisumbuliwe na wewe tena? Sina ukoo. Huoni ndiyo shida yenyewe?"

"Sikukuuliza hivyo. Walio kama wewe, sikio hivi sikio hivi, mguu hivi mguu hivi, wako wangapi?"

"Mmoja."

"Na katika huyo mmoja, mkubwa ni nani?"

Sikudhani aliacha kupuliza uji. Akamtazama mama yake. Akatazama juu, kwenye mvule wake. Akaanza kutabasamu, upande mmoja kwanza, kisha na wa pili.

"Sasa toka ukaseme," akasema mama. "Wamelowa, masikini. Wasikie, wanakuita mwana."

"Watangoja."

"Sikudhani!"

"Mara tatu, mama, nimesimama vibarazani kwao. Nao wasimame kidogo kwangu. Uji bado wa moto."

Wakanywa uji. Polepole. Mama akaomba kikombe cha pili, na Sikudhani akamtilia, na sukari juu. Nje kilio kimoja: "Mwanetuuu!"

Walipokwisha, Sikudhani akaosha vikombe, akavipanga, akafungua mlango, akasimama kizingitini. Hakupaza sauti.

"Nyumba hii," akasema, "ni ya ukoo wa Sikudhani."

Mvule ukaguna, ukajikalisha, ukatulia. Na mikono yote ikabanduka kwa mara moja. Watu na mazimwi wakaanguka topeni, wamepandiana, tope mpaka nyusi, huwezi kujua mguu wa nani, sikio la nani. "Huu mguu wangu?" anauliza Jumbe. "Sijui, uukune uone," anajibu Mzee Korofindo. Sikudhani aliwatazama wakijitafuta mle topeni, kisha akasema, "Jioni njema," akafunga mlango.

Msidhani walimpenda toka siku hiyo. Wapi! Asubuhi yake Jumbe alipita akasema yeye ni mwenzao kabisa, na Mzee Korofindo akatuma habari kwamba kikao kinaendelea. Ila Sikudhani aliwajibu akiwa barazani kwake, amekaa, nao wamesimama. Na mama yake usiku wa mvua ile alikohoa mara mbili tu, akajifunika, akalala pakavu.

Hadithi yangu imeishia hapo, kizingitini kwa Sikudhani, sina ruhusa ya kuingia zaidi. Na funzo lake ni hili: mtu akikuomba umshikie boriti mvua ikija, mshikie. Mambo ya nusu yake ya pili kutoka wapi, utamuuliza mkishaingia ndani, mkinywa uji. Kama atataka kukujibu.